Jina la Kuazima

Ujinga nilioufanya ni huu: nilivaa koti la marehemu kabla hajawa marehemu. Nikatoka nalo mchana kweupe, nikasimama mlangoni mwake, nikatanua mikono na kupiga kelele, "Hatoki mtu hapa!" Mama mmoja anayeuza vitumbua alikuwa anapita na beseni kichwani. Beseni likaenda chini, yeye akapiga ukunga, na kabla sijashusha mikono mtaa wetu wote wa Gongoni ulikuwa umeshaanza kufiwa.

Mwenye koti alikuwa ndani, kitandani, mzima, anakunywa uji.

Nitaeleza ilikuwaje, ila kwanza nimweleze mwenyewe, maana bila kumjua yeye utadhani mimi ni mwendawazimu tu. Wapo waliomjua na bado wanadhani hivyo. Mwalimu wangu wa nidhamu ni mmoja wao.

Mimi naitwa Ndala. Cheka kwanza, nakusubiri. Ndiyo, kama zile za miguuni. Na kama kile kijiji cha kule Nzega. Yeye naye alikuwa na jina hilo hilo, na sitalirudia kwa upande wake, kwa sababu kwetu watu wa jina moja hawaitani kwa jina. Yeye alikuwa Somo na mimi nilikuwa Somo. Ukipita asubuhi barazani kwake ungetusikia.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, somo. Mbona shati limetoka nje kama ulimi wa mbuzi?"

"Nimelitoa lipate hewa."

"Liingize. Hilo shati nimelishona mimi, usiliaibishe mbele ya wateja."

Alikuwa fundi cherehani. Mama yangu alijifunza kushona kwake tangu akiwa msichana, na mpaka leo cherehani ya mama ipo kwenye kibaraza kile kile, upande wa kushoto, karibu na nguzo. Anamwita Baba. Nilipozaliwa alikwenda kumwomba jina, na Somo akamjibu (hii nasimuliwa, mimi nilikuwa nimelala), "Sikupi. Namwazima mtoto. Siku nikilihitaji nitalifuata."

Na hakuacha kunikumbusha. Nikifeli hesabu: "Jina langu limepata sifuri? Lilete hapa, haraka." Nikifunga goli uwanjani: "Jina langu limefunga leo, mmesikia?" Siku niliyokamatwa na walinzi wa shule nikiwa juu ya ukuta, mguu mmoja ndani mmoja nje, aliitwa yeye kwa sababu mama alikuwa amesafiri. Alifika na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaniangalia pale juu, akamwambia mwalimu, "Huyu si mtoro. Mtoro angekuwa ameshashuka." Halafu akageuka akarudi kushona. Nilichapwa vizuri tu.

Kwa sababu ya jina hilo, mama hajawahi kuniita kwa jina. Kwetu jina la baba yako hulipigii kelele, hata likiwa limekaa kwa mtoto aliyevunja sahani. Wanawake wengine humwita mtoto wa namna hiyo "baba", na mama alijaribu nikiwa mdogo, lakini anasema nilipoanza kuonyesha tabia zangu aliona anajitia nuksi. Basi mimi ni Wewe. Kuna Wewe ya chakula. Kuna Wewe ya kutumwa dukani. Na kuna ile Wewe ndefu ambayo ikianza tu, rafiki zangu wanaaga. Majirani wanazijua zote.

Na wengine wakiita "Ndala!" pale barazani, aliyekuwa anaitika ni yeye. Hata wakiwa ni wenzangu wa darasani wamenifuata na mpira.

"Naam!"

"Shikamoo babu. Tunamtaka Ndala."

"Ndiye huyu. Semeni."

"Tunakwenda uwanjani."

"Subirini nivae viatu."

Na kweli angeanza kufunga kamba za viatu, polepole, amekunja uso, mpaka wale watoto waanze kuangaliana.

Jina lile alilichukulia kama ng'ombe waliotawanyika porini. Akisikia kuna mmoja mahali, lazima aende amwone. Kulikuwa na dereva wa bodaboda kule stendi, kijana wa Ulyankulu, ana jina letu. Somo alimshonea koti la mvua bila kuombwa, halafu kila alipopanda pikipiki yake alishuka kwa mbwembwe akisema mtu hajilipi nauli mwenyewe. Yule kijana alikuwa anakwepa mtaa wetu.

Aliwahi kupanda basi mpaka kijiji cha Ndala. Hakuwa na shughuli yoyote kule. Alifikia kwa mwenyekiti wa kijiji, akakaribishwa kiti.

"Karibu mzee. Umemfuata nani?"

"Sijamfuata mtu. Nimekuja kuangalia kama mnalitunza."

"Tunatunza nini, mzee wangu?"

"Jina."

Wakampa maji ya kunywa, wakidhani jua limempiga. Alipotoa kitambulisho wakakisoma, walicheka mpaka mke wa mwenyekiti akatoka jikoni kuuliza. Alirudi Tabora na kuku. Kuku huyo hakuchinjwa. Alisema ni balozi.

Na kulikuwa na mbwa. Hii hakupenda nisimulie, lakini sasa hana namna. Zamani alikuwa akipeleka kaptura na mashati kwenye mnada wa ng'ombe kule Ziba. Siku moja amepanga nguo zake chini, akasikia mchungaji mmoja anaita kwa nguvu, "Ndala! Ndala, njoo hapa!" Akaitika, "Naam!" akasimama kabisa. Mchungaji akamtazama. Mbwa akapita katikati yao, mwembamba, mbavu nje.

Mtu mwingine angeona aibu. Yeye akamfuata yule mchungaji: "Bwana, huyu ni somo wangu, na mbavu zake naziona. Ukimnyima huyu umeninyima mimi." Kuanzia hapo, kila akienda Ziba alibeba mifupa kwenye mfuko. Lakini alikuwa mtu wa swala, mbwa hamgusi. Kwa hiyo alimrushia kwa mbali, amegeuza uso pembeni, kama mtu anayemsalimia mkwewe.

Ndala za kuvaa hakuzivaa maisha yake yote. Alivaa viatu vyeusi vya kamba, vimepigwa rangi, hata kwenda kununua dagaa. Uani alivaa mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kizamani, kwa hiyo alfajiri mtaa mzima ulimsikia anakwenda kutawadha: ko, ko, ko. Nilimuuliza kwa nini asijirahisishie. Akasema hawezi kumkalia mwenzake mgongoni.

Sasa nije kwenye kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri.

Alikuwa mtani wa msibani. Hapa kwetu anajulikana kila mtu wa namna hiyo, lakini yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Mtu akifa, wakati maiti imeshaoshwa na jeneza limeshaletwa, mtani wake anavaa nguo ya marehemu, koti au kofia au chochote, anakwenda kusimama mlangoni. Anaufunga mlango kwa mwili wake. Anaanza kumwigiza marehemu: anavyotembea, anavyokohoa, anavyogombana na mkewe. Anasema, "Hatoki mtu hapa!" mpaka wafiwa wampe kitu, hata kama ni fungu la sukari tu au kipande cha sabuni. Ndipo anapisha, na jeneza linatoka.

Somo alikuwa anasema utani ulikuja na njia ya misafara. Mababu zetu walitoka hapa wamebeba mizigo mpaka pwani, wakarudi miguu imepasuka, na kila kabila walilopita kwake, wakapigana nalo au wakapewa maji, walitaniana nalo. "Meno ya tembo waliuza wengine," alisema. "Sisi tulichorudi nacho ni utani. Hicho hakuna aliyetunyang'anya." Kama ni kweli sijui. Mwalimu wa historia nilipomwambia aliniambia nikae chini.

Nilimwona akifanya kazi hiyo mara nyingi. Alipokufa yule muuza duka wa kona, mkono wa birika, mtu aliyepima sukari akiwa ameegemeza kidole gumba kwenye mizani, Somo alisimama mlangoni na kofia ya marehemu, akatoa mizani ya hewani, akapima hewa, akapunguza kidogo, akapima tena, akapunguza tena. Mjane alikuwa ndani analia. Nilisikia kilio chake kikikatika katikati, kikageuka kicheko, halafu kikarudi kuwa kilio, lakini kilio kingine, chepesi kidogo. Sheikh wetu mambo hayo hayapendi na amewahi kuyakemea. Siku hiyo alikuwa amejifunika mdomo na leso, mabega yanacheza.

Nilimuuliza Somo kwa nini mlango. Kwa nini asiigize tu pembeni.

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akasema, "Mtu akitoka nyumbani kwake bila hata mmoja kumzuia, ataondoka anajua tulikuwa tunamsubiri aondoke."

Halafu akaongeza, "Na sukari pia."

Kitu kimoja sikukielewa na sasa siwezi kumuuliza: harusini alikuwa kama amefiwa. Anakaa pembeni, anakula pilau kimya, haongei, mtu akimchokoza anasema kichwa kinamgonga. Watu walikuwa wanamwalika makusudi waone kama safari hii atacheka. Na sanda alikata yeye, kwa mtaa wote. Siku za sanda hakuna utani wowote. Alifunga mlango wa chumba cha ndani, akamwambia mama asimamishe cherehani, ukasikia mkasi tu, unatembea kwenye nguo nyeupe kwa mstari mmoja bila kusimama. Nilichungulia siku moja kwenye tundu. Alikuwa amevua viatu.

Mvua za mwisho zilipokatika akapigwa kiharusi. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalala. Cherehani yake ikafunikwa shuka. Mama akawa anashona peke yake kibarazani na katikati ya kushona ananyanyuka kwenda kumgeuza. Wanawe wapo Dar na Mwanza. Walikuja, wakakaa, wakarudi kazini. Mimi nikitoka shule nilikuwa nampa uji.

Siku hiyo ya ujinga wangu alikataa kijiko cha kwanza. Akasema, kwa ile sauti yake mpya iliyokuwa kama inapitia kwenye blanketi, "Nani atafunga mlango wangu?"

Nikasema sijui.

"Watani wangu wa rika wamekwisha. Nimewafungia mlango wote mimi. Wanangu hawawezi, mtoto hamtanii baba. Wewe ni mjukuu na ni somo. Una haki mara mbili."

"Somo, kunywa uji."

"Lete koti."

Lilikuwa limening'inia msumarini, la kijivu, lina viwiko vya ngozi. Nikalivaa. Mikono ilinizidi. Akaniambia nitembee kama yeye. Nikatembea.

"Huyo ni nani? Bata?"

Nikarudia.

"Mimi sichechemei hivyo, mjinga wewe. Nilianza kuchechemea juzi. Tembea nilivyokuwa natembea."

Nikarudia tena, nikaweka mikono nyuma, nikakunja uso, nikasimama kila baada ya hatua kama mtu anayetafuta sindano chini. Nusu ya mdomo wake ikacheka. Uji aliokuwa ameanza kuunywa ukamtoka puani. Nikaona nimeweza. Na mimi nikishaona nimeweza kitu, nataka watu. Ndivyo nilivyo, siwezi kuchekesha mtu mmoja. Akasema, "Sasa mlango," akimaanisha mlango wa chumba. Mimi nikaenda mlango wa nje.

Yaliyofuata umeshayasikia. Kwetu hakuna mtu anayevaa koti la mwenzie na kusimama mlangoni isipokuwa kwa sababu moja. Mama wa vitumbua hakuuliza. Muuza kahawa alitupa birika lake akaja mbio. Vijana wakaanza kushusha mikeka msikitini. Mtu akapiga simu Mwanza. Mama yangu alikuwa sokoni kununua vifungo. Alirudi akakuta wanawake wamekaa chini uani wanalia, akapita katikati yao bila kumwuliza yeyote, akaingia chumbani, akamkuta baba yake ameegemea mto anasikiliza.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Nilikuwa nasema, "Jamani yupo, yupo hai," lakini koti lilikuwa mwilini mwangu, na mtu aliyevaa koti lile akisema "yupo hai" watu ndio wanazidi kulia. Wanaona ni sehemu ya utani.

Sheikh ndiye aliyewatuliza, baada ya kuingia ndani na kutoka. Alinitazama kwa muda mrefu. "Wewe kijana," alisema, akaenda zake. Mama wa vitumbua alinidai vitumbua vyake na ilibidi nimsaidie kuviuza alfajiri kabla ya shule, nikiwa na sare, mpaka aliporidhika. Madereva wa bodaboda walianza kuniita Marehemu. "Marehemu, panda twende!"

Mama hakunichapa. Alinivua koti, akalipiga pasi ya mkaa, akalikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko, akautundika mfuko kwenye msumari juu ya kitanda changu. Hakusema hata Wewe. Siku kadhaa nilikuwa nakuta chakula mezani kimefunikwa, basi.

Nilirudi kwa Somo jioni ile ile, baada ya watu kutawanyika. Nilidhani atanifukuza.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Kaa. Nani alilia?"

"Wote."

"Muuza kahawa?"

"Alilia. Alitupa na birika."

"Mwongo huyo. Nilimshonea suruali fupi, hajanisamehe." Akapumua. "Mwenyekiti wa mtaa?"

"Sikumwona."

"Hakuja?"

"Labda alikuwa njiani."

"Hakuja," akasema, kama mtu anayechomeka pini mahali ili asipasahau. Nje mama alikuwa anafagia uani, nilikuwa nasikia fagio.

"Mwendo ulikuwa mzuri," akasema. "Niliwasikia wanavyolia, nikajua mwendo umeupata. Ila mlango umeufunga vibaya."

"Vibaya vipi? Nilisimama katikati."

"Ndiyo hivyo. Ulisimama kama mlinzi wa benki. Anayefunga mlango hasimami. Anaegemea." Akajaribu kunionyesha kwa bega zima, akateleza kwenye mto, nikamshika. Alikuwa mwepesi mno. Nilimrudisha juu kama mtu anayerudisha nguo kwenye kamba.

"Na usilie," akasema. "Mtani akilia, basi ni mfiwa tu kama wengine. Ukilia jina nalichukua. Nakwenda nalo."

"Utalifanyia nini huko?"

"Hilo si swali lako."

"Sawa, somo."

"Naliacha kwa sharti."

"Sawa."

"Sasa lete ule uji. Umepoa?"

Ulikuwa umepoa. Aliunywa hivyo hivyo.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho yaliyoeleweka. Baadaye maneno yake yalizidi kuvurugika, na ukimwita kwa jina hakuitika tena "Naam". Alikuwa anaangalia mlangoni, kama anasubiri mwingine aitike.

Siku yenyewe niliitwa kutoka darasani. Mwalimu wa nidhamu alisimama dirishani na kuninyooshea kidole, na darasa zima likacheka, maana walijua nimefanya kitu. Nami nilicheka. Nilikuwa najaribu kukumbuka ni kitu gani. Akanitoa nje, akaniambia, na akaniwekea mkono begani. Sijui kwa nini jambo lililonikaa kichwani ni kwamba mkono wake ulikuwa na chaki na utaniachia alama.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa Somo. Sikukimbia. Njiani watu walikuwa wanatoka milangoni kunitazama, sio usoni, wanatazama nimevaa nini. Muuza kahawa aliniuliza, "Kweli safari hii?" Nikamwambia kweli. Akatazama tena shati langu la shule. "Mbona hujavaa?" Nikasema sijui. Akarudi kukaa kwenye benchi lake, birika likiwa mkononi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Turubai lilifungwa, jeneza likaletwa kutoka msikitini, Sheikh akafika, lakini watu walikuwa wachache na waliokuja walikaa pembeni ya barabara, ng'ambo, wanatazama mlango. Wameshalia mara moja, hawakutaka kuchezewa tena. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, lakini alisimama na pikipiki yake, injini inanguruma. Nilimsikia kijana mmoja wa bodaboda anamwambia mwenzake, "Kama Marehemu hajavaa koti, basi mzee bado."

Mama alikuwa ameutoa ule mfuko wa koti kwetu, msumarini, akanipa. Nikaenda nao uani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mfuko magotini.

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nazuia machozi. Hapana. Hayakuwepo. Nilijikagua ndani kama mtu anayepapasa mifuko ya suruali, hamna kitu, wala kicheko. Nilijaribu kukumbuka mwendo: mikono nyuma, uso umekunjwa, halafu nini? Nilikuwa nimeshautumia. Watu walishaulilia mwendo ule, mtu mwenyewe anakunywa uji. Somo aliniambia nisilie, na nisisimame kama mlinzi. Hakuniambia nifanye nini kama sitakuwa na kitu chochote.

Mitalawanda yake ilikuwa pale karibu na pipa la maji, imegeukiana. Kuku, yule balozi, amezeeka, alikuwa anadonoa punje za mchele kuizunguka. Nilimtazama yeye. Ndani nilisikia wanaume wanapokezana maneno mafupi, "shika huku," "taratibu," na miguu inajipanga. Barazani hakukuwa na sauti. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, mtupu, naona mwanga wa barabara kupitia korido mpaka upande wa pili.

Mtu fulani kule nje akaita, sijui alikuwa anamwita nani, labda mimi, labda alikuwa anamuuliza mwenzake tu: "Ndala?" Nilikuwa nasubiri aitike mwenyewe.

Mama akatoka kwa wanawake. Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani. Akachukua mfuko magotini kwangu, akalitoa koti, akalikung'uta mara moja kama anavyokung'uta kila nguo akimaliza kuishona, akalishika mabegani, limefunguka, likinisubiri. Akaniangalia usoni.

"Ndala," alisema. "Vaa koti ukafunge mlango. Wanamtoa."